Piano ya zamani na rangi mpya: mambo ya kujua kabla ya kushika msasa



Mwezi huu nilikuwa nimepanga kuandika juu ya kofia na viatu vya kazi. Nimebadilisha shauri kwa sababu ya piano iliyo katika ukumbi wa wafanyakazi. Wengi mnaijua: ni ile nzito ya mbao, iliyopakwa rangi nyeupe zamani ikageuka manjano, ambayo watoto wa shule ya chekechea huigongagonga kila asubuhi. Watu wa kwaya walichanga pesa, wakamwita fundi aipake upya kwa ajili ya sikukuu. Fundi alifika na msasa mkavu, akafunga madirisha ili upepo usimsumbue, akaanza kusugua. Mimi nilipita pale kwa kugawa dawa ya minyoo. Vumbi jeupe lilikuwa limekwisha kuanguka juu ya mikeka ya watoto.

Nilimwomba asimame. Akaniuliza: "Munganga, tangu lini piano ni ugonjwa?" Swali lake ni la haki, na wengine walicheka naye. Basi nalijibu hapa kwa urefu, kwa sababu nyumbani mwenu pia mna vitanda, milango, makabati na viti vya zamani vyenye rangi ya namna ile ile.

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo mafundi wa gereji huyaita plombo. Kwetu hapa neno risasi linatisha watu kwa sababu nyingine, lakini hii haina mlio wala haitoboi nguo. Waliitia katika rangi ili iwe nzito, iwe nyeupe sana, ikauke upesi na ivumilie mvua. Ilikuwa rangi nzuri, hatuwezi kusema uongo. Ubaya wake ulijulikana mapema: mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 13 wa kukataza rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya nyumba. Hata hivyo viwanda viliendelea kuitia risasi katika rangi za namna nyingi kwa miaka mingi, na katika nchi kadhaa rangi ya namna hiyo ingali inauzwa hata leo. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kwamba rangi isipite sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja. Rangi za zamani zilipita kiasi hicho mara mamia na mara maelfu.

Mtu mzima akimeza risasi kidogo, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Mtoto mdogo hubaki nayo mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima, kwa sababu mwili wake unaokua unaipokea kama chakula cha mifupa. Hukaa katika mifupa miaka mingi, na mama mwenye mimba humpa mtoto aliye tumboni. Mtoto huumwa tumbo, hufunga choo, hukosa damu, huwa mkali bila sababu, na shuleni anarudi nyuma. Mara nyingi haonyeshi alama yoyote. Hapa kwetu mtoto aliyepungukiwa damu, kila mtu anafikiri malaria tu, na mara nyingi ni kweli. Kwa hiyo ile nyingine hujificha nyuma ya malaria. Dispansere yetu haina mashine ya kupima risasi katika damu. Hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara, na akili iliyopotea hairudishwi na kidonge.

Sisi watu wa mgodi tusiseme mambo haya ni ya Wazungu na piano zao. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, nchini Nigeria, wachimbaji walileta mawe ya dhahabu katika viwanja vya nyumba zao, wakayasaga pale pale. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Wazazi hawakuona sumu yoyote, waliona vumbi tu.

Sasa turudi kwa piano. Je, hii ya kwetu ina risasi? Sijui, na fundi hajui. Kipimo chake hatuna. Pasipo kipimo, sheria ni moja: rangi yoyote ya mafuta ya zamani, usiyojua mwaka wake wala kopo lake, uihesabu kuwa ina risasi. Zaidi sana ikiwa nyeupe, ya manjano, nyekundu au ya chungwa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikiri. Rangi ya zamani iliyoshika sawasawa juu ya mbao haimdhuru mtu. Hatari huanza inapokuwa vumbi, inapobanduka vipande, au inapochomwa moto. Kwa hiyo kazi ya rangi mpya si kupendeza tu. Rangi mpya ni kifuniko kinachofunga ile ya zamani ndani. Kifuniko kikiwa laini, kikichunwa na kucha za watoto kwenye pembe, kile kilicho chini kinatoka tena, tena katika kimo cha midomo yao. Ndiyo maana katika piano hii, swali la rangi gani inadumu na swali la afya ni swali moja.

Watu wa kwaya walikuwa na mashauri yao. Shauri la kwanza lilitoka kwa kijana mmoja wa gereji: tupake rangi ya gari, ile ya kuchanganya na dawa ya pili ya kuigandisha, na kuirusha kwa pampu. Ni kweli, hakuna rangi ngumu kuishinda, na piano ingeng'aa kama jipu mpya. Lakini ile dawa ya pili ina izosianati. Ikirushwa hewani huingia kifuani na kuleta pumu, na mtu aliyekwisha kupata pumu hiyo huweza kubanwa kifua siku nyingine kwa kuvuta kidogo tu. Kashene ya kitambaa haiizuii. Kashene ya dispansere, ambayo tangu Ebola na Covid kila nyumba inayo, haiizuii pia. Inataka chumba cha kazi hiyo na kofia yenye bomba la hewa safi kutoka nje. Vitu hivyo hatuna ukumbini. Nilikataa.

Shauri la pili lilikuwa la bure, na bure ni kishawishi kikubwa. Mtu mmoja alisema karakana ina kopo nusu la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tuitumie kama rangi ya chini. Ndugu, someni kopo hilo. Ile rangi nyekundu ya chungwa iitwayo minium ni risasi yenyewe. Ilitengenezwa kwa madaraja na vyuma, na hata huko wanaiacha. Kuipeleka ukumbini kwa watoto ni kuchukua tatizo la zamani na kuliongezea jipya juu yake. Kopo hilo nimeliomba shefu wa karakana alifungie, na asimpe mtu kwa kupaka mlango wa nyumbani, hata akiomba kwa upole.

La tatu lilikuwa rangi ya maji ya ukutani, kwa sababu ni rahisi. Haina harufu kali, lakini ni laini. Kifuniko cha piano kikilala juu yake siku ya joto kitashikamana, na ukikifungua utabandua ngozi nzima. Mkono wenye jasho utaichafua kwa mwezi mmoja. Hiyo ni ya ukuta, iacheni ukutani.

Wako pia wanaopenda mbao ionekane, na wanataja gomu-laki, ile verni ya zamani ya maseremala inayoyeyushwa katika alkoli. Piano nyingi za zamani zilivikwa hiyo kiwandani. Ni nzuri kuliko zote kwa macho. Lakini chombo cha moto huiachia alama nyeupe, maji huitia ukungu, na pombe huiyeyusha. Ukumbi wetu mnaujua siku ya harusi. Siwezi kusema zaidi. Tena ili mbao ionekane ni lazima kwanza kuondoa rangi nyeupe yote, na hiyo ndiyo kazi yenye vumbi tunayoikimbia.

Tumebaki na mbili. Ya kwanza ni rangi ya mafuta ya mbao na vyuma, yenye maandishi ya Kifaransa "sans plomb" juu ya kopo, yenye mng'ao wa kati. Mng'ao mkali huonyesha kila kovu na kila kidole. Mng'ao wa kati husamehe, na husafishika kwa kitambaa chenye maji. Ya pili ni rangi ya maji ya namna ya akriliki, lakini ile iliyoandikwa kuwa ni ya mbao na vyuma, si ya ukuta. Hiyo ina mvuke mdogo, nami ningeichagua kama kazi ingefanyika chumbani wanamolala watu. Kwa ukumbi wetu tulichagua ya mafuta, kwa kuwa ukumbi unafungika wiki nzima bila mtu kulala ndani, na kwa kuwa rangi hiyo ikishakomaa huvumilia kucha. Mkinunua Butembo au Beni, someni kopo wenyewe. Kopo lisilo na jina la kiwanda wala maandishi yoyote liacheni dukani, hata bei ikishuka. Mkiweza, epukeni pia manjano kali na nyekundu kali, maana ndizo zinazokutwa mara nyingi na risasi hata leo. Kwaya ilitaka nyekundu. Tulipatana juu ya kahawia.

Sasa kazi yenyewe. Katika shimo tumefundishwa kwamba kutoboa jiwe kavu ni kuvuta ugonjwa wa mapafu, na kwamba maji hutuliza vumbi. Piano ni vile vile. Hakuna msasa mkavu, hakuna mashine ya kusugua, hakuna moto wa kuchoma rangi, kwa sababu moto hugeuza risasi kuwa moshi. Dawa kali za kubandua rangi tuziache pia: nyingine zina mvuke uliokwisha kuua watu katika vyumba vilivyofungwa.

Watoto na wanawake wenye mimba wasikaribie mpaka mwisho. Tandikeni plastiki chini, mita 2 kila upande. Kisha mambo ya piano yenyewe, ambayo nimefundishwa na mzee mpiga kinanda wa parokia, maana mimi ni munganga tu. Piano ya kusimama ina kilo 200 mpaka 300, na uzito wake mwingi uko nyuma, kwenye chuma. Isivutwe na watu wawili. Wawe wanne, na mmoja awe wa kusema tu. Nimekwisha kufunga vidole vya kutosha mwaka huu. Mbao za nje hutoka kwa urahisi: kifuniko cha juu, ubao wa mbele wa juu, ubao wa chini, na ubao unaofunika meno. Zitoeni, mzipake zikiwa zimelala, nje chini ya paa. Lakini msiguse skrubu za chuma kikubwa cha ndani. Nyuzi zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani 15 mpaka 20, na chuma hicho ndicho kinachozishika. Sehemu ya ndani ifunikwe kwa shuka safi, maana vumbi na matone ya rangi yakiingia katika nyundo na nyuzi, rangi yenu nzuri itakuwa ya kabati, si ya piano.

Meno meupe msiyapake wala kuyasugua. Katika piano za zamani hayo ni meno ya tembo kweli. Pembe nyingi zilizotoka katika misitu ya mashariki ya Kongo katika karne ya 19 zilibebwa na watu mabegani hadi pwani, zikapita Zanzibar, zikaishia katika viwanda vya Connecticut, Marekani, ambako zilipasuliwa kuwa vipande vya piano. Huenda kipande kingine kimerudi karibu na mahali kilipotoka. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha.

Osheni mbao kwa maji na sabuni, mfute, mkaushe. Kabla ya kusugua jaribuni mahali pa siri kwa pamba yenye alkoli. Ikiwa rangi inalainika na kunata, chini yake au yenyewe ni gomu-laki, na rangi ya mafuta haitashika vizuri bila rangi ya chini iliyoandikwa kuwa ya kushikilia. (Alkoli hiyo mninunulie kwa famasi; ya dispansere si ya piano, na kwa kweli si ya kitu kingine pia.) Kisha sugueni polepole kwa msasa wa maji, laini, uliolowa, mkiosha katika ndoo mara kwa mara. Nia si kufika kwenye mbao. Nia ni kuondoa mng'ao ili rangi mpya ipate pa kushika. Mahali palipobanduka, kwangueni vipande vikiwa vimelowa, mkusanye, mzibe kwa masitiki. Mahali pawili pakubaliwe kusuguliwa mpaka mbao: pale kifuniko kinapokutana na mwili wa piano, na kwenye bawaba. Hapo mbao husuguana kila siku, na rangi ya zamani ikiachwa itasagika kila wimbo.

Maji ya ndoo msiyamwage kwenye bustani wala karibu na kisima. Tuyamwage chooni. Vipande, msasa na vitambaa vifungwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, visichomwe. Sakafu ifutwe kwa sabuni na maji, kisha tena kwa maji mengine na kitambaa kingine. Msifagie. Na neno moja kwa watu wa Mabalako hasa: tangu mwaka 2018, Ebola ilipotangazwa pale Mangina, tumezoea kuamini klorini katika kila jambo. Klorini inaua vijidudu. Risasi haina uhai, haiuawi. Inaondolewa tu, kwa sabuni, maji na mkono.

Fundi avue nguo pale pale, azioshe peke yake, asizichanganye na za mtoto. Aoge kabla ya kula na kabla ya kuvuta sigara. Fundi wetu alikuwa na mkate mfukoni mwa shati lile lile lenye vumbi. Tulimnunulia mwingine.

Kupaka ni rahisi kuliko yote haya. Chagueni siku ya jua. Kwetu Januari na Februari, mvua inapopungua, ni miezi mizuri. Hewa yenye maji mengi huchelewesha rangi ya mafuta na kuiacha inanata. Rangi ya chini mara moja, rangi ya juu mara mbili, nyembamba, na kati yake saa 24 au zaidi. Rangi nene haidumu zaidi, huteleza tu na kukunjamana. Madirisha yawe wazi. Kuipunguza uzito, tumieni white spirit iliyoandikwa kwenye kopo, si esansi ya makadafi wa barabarani. Esansi hutoa mvuke mzito unaotambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la jirani, na ina benzeni inayoharibu damu. Kichwa kikianza kuuma au kuzunguka, toka nje upumzike. Usinywe maziwa ukifikiri yanafuta mvuke. Vitambaa vyenye mafuta ya rangi, hasa mafuta ya kitani, msivirundike pembeni, kwa maana vyaweza kushika moto vyenyewe usiku bila kiberiti. Vitandazeni nje vikauke, au mvizamishe katika maji.

Baada ya siku moja rangi itaonekana imekauka. Imekauka juu tu. Ndani inahitaji wiki 2 mpaka 4 kuwa ngumu. Katika muda huo msifunge kifuniko, msiweke vitabu vya nyimbo juu yake, msiweke glasi. Kwaya ililalamika kwamba sikukuu ni Jumapili ijayo. Tuliimba na ngoma Jumapili hiyo, na sikusikia mtu aliyekosa piano.

Mikeka ya chekechea tuliiosha mara mbili, na miwili iliyochanika tuliifunga na takataka zile nyingine. Wazazi wa watoto waliokuwa ukumbini siku ile wawalete dispansere Jumanne au Alhamisi asubuhi. Nitapima damu kama kawaida na kuandika majina yao, na wale wenye damu kidogo nitawaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Wapeni mboga za majani, maharagi na ndagala wakati tunangoja, kwa sababu mwili wenye njaa ya chuma na chokaa hunywa risasi zaidi. Mwenye kitanda au mlango wa rangi nyeupe ya zamani inayobanduka nyumbani, asikwangue. Aniite kwanza, nitakuja na fundi yule yule. Sasa anakuja na ndoo ya maji.